SOMO LA KIKUNDI: MAZIWA YA MAMA NA KAZI YA CHAI

Kwa kiongozi wa kikundi: Somo hili linatosha mikutano miwili. Katika mkutano wa kwanza someni sehemu ya 1 hadi ya 4, na katika mkutano wa pili someni zilizobaki. Msome kwa sauti, mtu mmoja baada ya mwingine. Mkifika penye swali, msimame mlijibu kabla ya kuendelea. Waalikeni akina baba na akina kogo pia, maana jambo hili si la mama anayenyonyesha peke yake.

Madhumuni ya somo: Mwisho wa somo, kila mshiriki aweze (a) kueleza utafiti wa afya ni kitu gani, (b) kueleza utafiti uliofanyika kwetu Kericho juu ya kunyonyesha umepata nini, na (c) kuchagua jambo moja ambalo kikundi kitalifanya.

1. SHIDA YENYEWE

Mama yeyote aliyewahi kuhudhuria kliniki ameambiwa maneno haya: mpe mtoto maziwa yako peke yake mpaka atimize miezi sita. Peke yake maana yake ni peke yake kweli. Asipewe maji, wala uji, wala maziwa ya ng'ombe, wala maji ya glukosi. Kinachoruhusiwa ni dawa tu iliyotolewa na mhudumu wa afya.

Sababu zake si ngumu kuelewa. Maziwa ya mama yana chakula na maji yote ambayo mtoto wa umri huo anahitaji, hata wakati wa kiangazi. Yana kinga ya magonjwa ambayo hakuna duka linalouza. Maji na uji, hasa ukikaa kwenye chupa, huleta vijidudu, na tumbo la mtoto mchanga bado ni laini. Kuhara na nimonia ni kati ya magonjwa yanayoua watoto wengi wadogo, na mtoto anayenyonya peke yake huyapata kwa nadra kuliko yule anayechanganyiwa.

Je, wamama wa Kenya wanafuata ushauri huu? Uchunguzi wa kitaifa wa afya unatupa hesabu. Mwaka 2003, katika kila watoto 100 walio chini ya miezi sita, 13 tu ndio waliokuwa wakinyonya peke yake. Mwaka 2008-09 walikuwa 32. Mwaka 2014 wakafika 61. Hayo ni maendeleo makubwa, na yametokana na kazi ya manesi, redio, makanisa na wahudumu wa afya wa vijijini. Lakini mwaka 2022 hesabu ilikuwa 60. Yaani kwa miaka minane tumesimama pale pale. Watoto 40 katika kila 100 bado wanapewa kitu kingine.

Kwani hao mama 40 hawakusikia? Tuchukue mfano wa mama mmoja. Si mtu fulani wa kwetu, ni mfano tu. Tumwite Mama Chebet.

Mama Chebet anachuna majani chai na analipwa kwa kilo. Alipojifungua alikaa nyumbani miezi mitatu, na mtoto alinyonya vizuri, akanenepa. Miezi mitatu ilipokwisha akarudi kazini. Sasa anatoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla umande haujakauka, na kurudi ni saa tisa au saa kumi, kulingana na foleni ya mizani. Mtoto anabaki na msichana wa jirani. Siku ya kwanza Mama Chebet alijaribu kuomba ruhusa.

"Nyapara, naomba niende mara moja nikanyonyeshe, mtoto ako nyumbani analia."

"Enda, Mama Chebet, sikukatazi. Lakini unajua kilo zako zitapungua, na hapa kila mtu ni kilo zake."

Alienda siku hiyo. Siku ya pili alienda. Siku ya tatu alihesabu kilo zake, akahesabu na karo ya mtoto wake mkubwa, akamwambia yule msichana, "Akilia sana mpe uji mwepesi kidogo." Wiki mbili baadaye mtoto alianza kuhara.

Swali: Mama Chebet alikosa nini? Alikosa kujua, au alikosa kitu kingine?

2. UTAFITI NI NINI?

Wengi wetu tukisikia neno utafiti tunafikiria darubini na koti jeupe. Lakini sisi watu wa chai tunaujua utafiti tangu zamani. Hapa Timbilil, karibu na mji wa Kericho, watafiti wa chai hupanda aina mbalimbali za miche, mstari huu aina hii, mstari ule aina ile. Huwapa mbolea sawa na mvua ni ile ile. Halafu hupima: mstari gani umetoa kilo nyingi, mstari gani umestahimili baridi ya barafu. Mkulima anayepanda mche wa 6/8 anafuata kazi ya namna hiyo. Hakuna aliyeota usiku kwamba mche ule ni mzuri. Ulipimwa.

Utafiti wa afya ni hivyo hivyo, isipokuwa mtu si mche, na ana haki zake. Kwanza unauliza swali moja lililo wazi. Pili unalinganisha: watu waliopata msaada fulani na watu wanaofanana nao ambao hawakuupata. Tatu unahesabu bila kupendelea upande. Nne unasema ulichokiona, hata kama si kile ulichotarajia.

Jambo la kukumbuka ni kulinganisha. Mtu akikuambia, "Nilimpa mtoto wangu maji ya sukari na akapona," muulize, "Na wale ambao hawakupewa, walifanyaje?" Labda nao walipona, tena upesi zaidi.

Swali: Ni jambo gani mnalolifanya nyumbani juu ya watoto wachanga kwa sababu tu wazee walilifanya? Je, kuna aliyewahi kulipima?

3. UTAFITI ULIOFANYIKA KERICHO

Kati ya mwaka 2016 na 2018, watafiti wa kituo kiitwacho APHRC, chenye makao Nairobi, walifanya kazi katika shamba kubwa la chai katika Kaunti ya Kericho. Aliyeongoza ni Dkt. Elizabeth Kimani-Murage, Mkenya, mtaalamu wa lishe ya mama na mtoto. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021.

Swali lao lilikuwa moja: mama mfanyakazi akisaidiwa mahali pa kazi, je, atanyonyesha mtoto bila kumchanganyia kitu kingine? Msaada wenyewe ulikuwa wa pande mbili. Upande wa kazini, mama alipewa wakati na mahali pa kunyonyesha au kukamua maziwa, na kukawa na mahali pa kulelea watoto karibu. Upande wa nyumbani, mama alipata mtu wa kumshauri juu ya kunyonyesha. Wakalinganisha makundi mawili: mama 146 na watoto wao waliopata msaada huo, na mama 270 na watoto wao ambao hawakuupata.

Matokeo ni haya:

- Kati ya wale ambao hawakupata msaada, watoto wapatao 20 katika kila 100 walikuwa wakinyonya peke yake.
- Kati ya wale waliopata msaada, walikuwa karibu 81 katika kila 100.

Rudieni hesabu hiyo mara ya pili, polepole. Upande mmoja ni mtoto mmoja katika watano. Upande wa pili ni wanne katika watano. Mama ni wale wale wa chai, na kazi ni ile ile ya chai.

Kuna hesabu nyingine ndani ya hiyo, nayo inatuhusu zaidi. Kwa watoto walio chini ya miezi mitatu, msaada uliongeza uwezekano wa kunyonya peke yake karibu mara mbili. Kwa watoto wa miezi mitatu hadi mitano, uliongeza karibu mara nane. Kwa nini tofauti iwe kubwa hivyo kwa watoto hao?

Hesabuni pamoja. Sheria ya ajira ya mwaka 2007 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye malipo kamili. Kliniki inasema miezi sita. Sita ukitoa mitatu, unabaki na mitatu. Hiyo miezi mitatu ndilo pengo ambamo mtoto wa Mama Chebet alitumbukia. Kabla ya hapo mama yuko nyumbani na anaweza kujisaidia. Baada ya hapo mtoto anaanza kula. Ndani ya pengo, mama anajua la kufanya lakini kazi inamzuia.

4. UTAFITI HUO UNATUAMBIA NINI, NA HAUTUAMBII NINI

Unatuambia hivi: mama wa chai hakosi akili wala upendo. Kwa miaka mingi tumekuwa tukiwahubiria wamama juu ya maziwa yao kana kwamba shida ni masikio. Mahali palipobadilishwa saa za kazi na malezi ya mtoto, pamoja na ushauri, wamama wengi waliweza. Kwa hiyo mtoto akiharishwa na uji katika mwezi wa nne, tusianze kwa kumlaumu mama. Tuulize kwanza: ni nani aliyempa nafasi ya kunyonyesha?

Lakini tuwe waangalifu, maana utafiti mmoja si mwisho wa maneno. Huu ulifanyika katika shamba kubwa lenye mwajiri mmoja. Wengi wetu hapa Bomet, Konoin, Bureti na Belgut ni wakulima wadogo, au ni vibarua wa kuchuna katika mashamba ya majirani. Hatuna meneja wa kutujengea chumba. Pia mama hao hawakugawanywa kwa kura, huyu apate msaada na yule asipate, kwa hiyo huenda makundi mawili yalitofautiana kwa mambo mengine. Watafiti walijaribu kusawazisha tofauti hizo kwa hesabu. Na kwa sababu msaada ulitolewa wote pamoja, hatuwezi kusema ni sehemu gani iliyofanya kazi kubwa zaidi, kama ni mahali pa malezi, au wakati wa mapumziko, au ushauri wa nyumbani.

Hata hivyo tofauti ya 20 na 81 ni kubwa mno kuidharau.

Swali: Katika kijiji chenu, mama anayenyonyesha hurudi kazini mtoto akiwa na umri gani? Je, ni kazi ya mshahara, ya kilo, au ya shamba lake mwenyewe?

(Mwisho wa mkutano wa kwanza.)

5. KWA NINI UTAFITI UFANYIKE HUKU KWETU?

Wengine huuliza, "Wazungu wana hospitali kubwa na wamepima kila kitu. Kwa nini watusumbue sisi?" Jibu ni kwamba jambo lililo zuri katika nchi tajiri linaweza kuwa baya kwetu, na hakuna atakayejua mpaka lipimwe hapa. Tazameni mifano mitatu.

Mfano wa kwanza: chakula cha mwezi wa nne. Zamani ushauri wa kliniki ulikuwa kumwanzisha mtoto chakula kati ya miezi minne na sita. Huko Honduras, nchi maskini ya Amerika ya Kati, watafiti walilinganisha watoto walioanza kupewa chakula wakiwa na miezi minne na wale walioendelea kunyonya peke yake mpaka sita. Matokeo ya mwaka 1994 yalionyesha kwamba wale waliopewa chakula hawakukua zaidi. Walipunguza tu kunyonya. Utafiti wa namna hiyo ndio uliofanya Shirika la Afya Duniani mwaka 2001 liseme wazi: miezi sita.

Mfano wa pili: mama mwenye virusi vya Ukimwi. Katika nchi tajiri mama huyo aliambiwa asinyonyeshe kabisa, ampe mtoto maziwa ya mkebe. Huko maji ni safi na mkebe haukosekani. Afrika mambo yalikuwa mengine. Botswana ilikuwa ikiwapa mama hao maziwa ya mkebe bure. Mapema mwaka 2006 zikaja mvua kubwa, maji yakachafuka, kuhara kukaenea, na watoto wasionyonya ndio walioumia zaidi. Wengi walikufa. Huko Durban, Afrika Kusini, utafiti wa mwaka 1999 ulikuwa umeonyesha kwamba mtoto anayenyonya peke yake hupata virusi kwa nadra kuliko anayechanganyiwa maziwa na vitu vingine. Baadaye zikapatikana dawa za kupunguza virusi, na tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mama anayemeza dawa zake anaweza kunyonyesha. Kwa hiyo mama mwenye virusi asikate tamaa, wala asiache dawa. Afuate kliniki yake bila kukosa.

Mfano wa tatu: maji ya mshipani. Mtoto akiletwa hospitalini akiwa na homa kali na mwili umelegea, ilifundishwa kwamba apewe maji mengi ya dripu kwa haraka. Ulikuwa ushauri wa nchi tajiri. Ndipo hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania zikapima jambo hilo kwa watoto 3,141, wakigawanywa kwa kura. Matokeo yalitoka mwaka 2011. Katika kila watoto 100 waliopewa maji ya haraka, 10 au 11 walikufa ndani ya siku mbili. Katika wale ambao hawakupewa, walikufa 7. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake ili watoto wengine wasidhurike. Kitu kilichodhaniwa kuwa msaada kilikuwa kinaua, na waliogundua ni madaktari na wazazi wa Afrika Mashariki.

Kwa hiyo mzazi wa kwetu anayekubali kushiriki katika utafiti mzuri anafanya harambee ya namna yake. Anachangia ujuzi utakaomsaidia mtoto asiyemjua.

6. TUNAWEZA KUFANYA NINI?

(a) Kukamua na kuhifadhi maziwa

Wengine huona aibu au husema maziwa yaliyokamuliwa huharibika. Hayaharibiki upesi yakitunzwa vizuri. Fanya hivi:

1. Chemsha kikombe chenye mdomo mpana na kifuniko chake, uviache vipoe.
2. Osha mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, hasa ukitoka kuchuna.
3. Kaa mahali tulivu. Kanda titi taratibu kutoka juu kuelekea chuchu.
4. Weka kidole gumba juu ya sehemu nyeusi na vidole vingine chini yake. Sukuma nyuma kuelekea kifuani, kisha bana na uachilie. Usivute chuchu, utaumia.
5. Mtiririko ukipungua hamia titi la pili, kisha urudi la kwanza. Kazi yote huchukua karibu nusu saa. Siku za kwanza maziwa hutoka machache. Usife moyo, yataongezeka.
6. Funika, uweke mahali penye baridi na kivuli, kwa mfano ndani ya beseni la maji baridi. Kwa usalama yatumike ndani ya muda wa saa 4. Penye friji hukaa hadi siku 4. Kwa kuwa kwetu ni baridi, muulize nesi wako kama unaweza kuongeza muda.
7. Yasichemshwe. Weka kikombe ndani ya maji ya moto kidogo mpaka yapate joto la mwili.
8. Mtoto anyweshwe kwa kikombe safi, si kwa chupa ya chuchu, maana chupa ni vigumu kuisafisha. Kinachobaki kikombeni baada ya mtoto kushiba kimwagwe.

Mama akiwa kazini naye akamue wakati wa mapumziko. Asipofanya hivyo matiti yatajaa na kuuma, halafu maziwa yatapungua. Na usiku amnyonyeshe mtoto mara nyingi kadiri anavyotaka.

(b) Kulea watoto kwa zamu

Vikundi vyetu vinajua mzunguko wa pesa: leo wewe, kesho mimi. Mzunguko wa malezi hufuata njia hiyo hiyo. Mama wanne au watano wanaoishi au kuchuna karibu huchagua nyumba moja iliyo karibu na shamba. Kila siku mmoja wao, au kogo mmoja mwenye afya anayelipwa kidogo na wote, hubaki na watoto. Mama wengine huja kwa zamu kunyonyesha. Mambo ya kukubaliana kabla ya kuanza: watoto wangapi kwa mlezi mmoja, maji na sabuni vitoke wapi, na mtoto akiugua ghafla ni nani atakayemwita mama yake. Muandike makubaliano hayo katika kitabu cha kikundi.

(c) Kuzungumza na mwajiri

Wale walioajiriwa wajue kwamba Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri aweke mahali pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa kazini. Inamtaka pia ampe mama muda wa kufanya hivyo, mbali na muda wa chakula, na muda huo uhesabiwe kuwa ni wa kazi ikiwa hauzidi jumla ya saa moja katika kila saa nane za kazi.

Tunajua sheria ni karatasi, na kilo ni kilo. Tunajua pia kwamba mashine za kuchunia chai zimepunguza nafasi za kazi, na mama mmoja akisimama peke yake kudai anaogopa kuandikiwa barua. Ndiyo sababu jambo hili ni la kikundi na la chama cha wafanyakazi. Waende watu watatu au wanne, kwa heshima, na hesabu mkononi. Kuna maneno ambayo mwajiri huyasikia: mama ambaye mtoto wake haugui hakosi kazi mara kwa mara kwenda zahanati.

Na sisi wenye mashamba madogo tunaoita vibarua, tusimnyoshee kidole mwenye shamba kubwa tu. Mama anayekuchunia chai yako naye ana mtoto. Ukimpa nusu saa, na kivuli cha kukaa na maji ya kunawa, bonasi yako haitapotea.

(d) Baba na kogo

Mara nyingi anayeamua mtoto apewe uji si mama, ni mama mkwe au mume. Kogo aliyelea watoto wanane ana haki ya kusikilizwa, na asijibiwe kwa ukali. Aambiwe, "Kogo, mursik na uji atakunywa, tena kutoka mkononi mwako. Tunaomba tu angoje miezi sita." Naye baba ana kazi yake: kuteka maji, kukata kuni, kumpikia mama chakula cha kutosha, na kumpeleka mtoto kwa mama yake adhuhuri akiweza.

7. TUHESABU WENYEWE

Kikundi kinaweza kufanya utafiti wake mdogo. Si wa kutangaza redioni, ni wa kujijua. Fanyeni hivi ili mama yeyote asiaibike:

Wekeni kibuyu nyuma ya pazia, na bakuli mbili, moja ya mahindi na moja ya maharagwe. Kila mama mwenye mtoto wa chini ya miezi sita aingie peke yake. Ajiulize: tangu jana saa kama hii, mtoto wangu amepata kitu chochote isipokuwa maziwa yangu na dawa? Kama hapana, atie punje ya mahindi. Kama ndiyo, atie haragwe. Mwisho mwageni mezani mhesabu. Andikeni tarehe, mahindi mangapi, maharagwe mangapi. Msiandike jina la mtu.

Kisha chagueni jambo moja katika sehemu ya 6, mlifanye kwa miezi mitatu. Halafu mrudie kibuyu. Kama mahindi yameongezeka, mnaweza kufikiri kwamba jambo hilo limesaidia. Kama hayakuongezeka, msifiche. Ulizaneni shida iko wapi. Kumbukeni pia kwamba mama wachache hutoa hesabu inayoyumba, kwa hiyo endeleeni kuhesabu mara ya tatu na ya nne. Mpelekeeni hesabu hizo mhudumu wa afya wa kijiji. Tangu mwaka 2023 serikali imewapa wahudumu hao simu na vifaa vya kazi, na hesabu yenu itamfaa.

8. MTAFITI AKIJA KIJIJINI

Siku moja watakuja watu wenye karatasi au simu, waseme wanafanya utafiti wa mama na watoto. Msiwafukuze, na msikubali kila kitu bila kuuliza. Una haki ya:

- Kuelezwa kwa lugha unayoielewa, iwe Kipsigis, Kiswahili au lugha yako nyingine, utafiti ni wa nini na utakuchukulia muda gani.
- Kuuliza ni kamati gani ya maadili iliyoukubali, na kuonyeshwa barua.
- Kujua hatari zilizopo, kama zipo, na utasaidiwaje ukidhurika.
- Kukataa, au kukubali leo na kujitoa kesho, bila kunyimwa matibabu yako ya kawaida.
- Kufichiwa siri yako.
- Kuomba waje kuwaambia matokeo.

Hilo la mwisho husahauliwa sana. Watafiti wakimaliza, matokeo huenda kwenye vitabu vya mbali. Chifu na kikundi waulize mapema: "Mtarudi lini kutuambia mlichokiona?" Waahidi mbele ya watu wote, kisha katibu aandike.

9. MASWALI YA KUJADILI

1. Eleza kwa maneno yako pengo la miezi mitatu ni nini. Katika kikundi chetu ni mama wangapi wako ndani ya pengo hilo sasa?
2. Katika utafiti wa Kericho, watoto 20 katika 100 walinyonya peke yake upande mmoja na 81 upande wa pili. Ni kitu gani kilichokuwa tofauti?
3. Mkulima mdogo asiye na meneja anaweza kuiga nini katika msaada ule?
4. Ni nani katika kijiji chetu angefaa kuwa mlezi wa zamu? Tungeanza katika nyumba gani?
5. Kama tungemtembelea mwajiri au mwenye shamba, tungeanza kwa kusema nini, na ni nani angesema?

KAZI YA KUFANYA KABLA YA MKUTANO UJAO

Kila mshiriki azungumze na mama mmoja mwenye mtoto wa miezi mitatu, minne au mitano. Asimfundishe. Amwulize tu: "Siku yako ya kazi inaendaje, na mtoto hunyonya saa ngapi?" Amsikilize mpaka mwisho. Mkutano ujao tutaanza na majibu hayo, bila kutaja majina, ndipo tuchague jambo moja la kufanya kwa miezi mitatu.